Damu ya mzee isigeuke kahawia: rangi inapimwa, haikisiwi

Wiki hii kijana mmoja anayepiga picha za harusi Morogoro ameniandikia: "Kaka, sare ya upande wa bibi harusi ilikuwa damu ya mzee. Kwenye laptopu ilionekana safi kabisa. Albamu imerudi kutoka kusafishwa, sare ni kahawia. Mama wa bibi harusi amekataa kuipokea. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, ujumbe wako umenigusa pabaya. Nilipoanza kujitegemea hapa Dar es Salaam, mjumbe mmoja wa kamati ya harusi aliinua albamu yangu mbele ya watu akauliza kama nilipiga harusi ya familia nyingine. Fedha iliyobaki sikulipwa mpaka leo. Duka la kusafisha picha likasema faili ndilo bovu, fundi wa kompyuta akasema ni kamera, na waliokuwa na uzoefu wakaniambia ndiyo kazi ilivyo, nizoee. Nilikataa kuzoea. Nilikaa usiku na usiku nikisoma, na hasira ile ndiyo iliyonifundisha ninachokuandikia.

Kamera haihifadhi rangi, inahifadhi namba. Wekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, bluu kiasi hiki. Namba hizohizo zikifika kwenye laptopu yako, simu ya mteja na mashine ya kuchapa, zinatoa rangi tatu tofauti, kwa sababu kila kifaa kina wekundu wake. Ndiyo maana mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda umoja uitwao ICC na kukubaliana juu ya profaili: maelezo madogo yanayosema kifaa fulani kinazitafsiri vipi namba zake. Programu ikiijua profaili ya picha inakotoka na ya inakokwenda, inabadilisha namba ili rangi ibaki ileile. Ukilielewa hilo umeshawazidi wapiga picha wengi.

Sasa tazama kilichowezekana kwako. Vioo vingi vya laptopu huegemea ubluu. Wewe unaona picha ni baridi, unaongeza unjano mpaka jicho liridhike. Karatasi haina ubluu ule, kwa hiyo unjano wako unabaki peke yake, na damu ya mzee ukiitia unjano inakuwa kahawia. Mwangaza nao ni hivyohivyo: kioo kikiwaka mno unaipunguzia picha mwangaza, kisha albamu inatoka giza.

Jicho halitakuokoa, maana linazoea. Nunua kipima rangi, kile kidude kinachowekwa juu ya kioo na kusoma rangi zinazotoka. Bei yake haizidi lenzi ya kawaida, na mimi nilikinunua kabla ya lenzi niliyokuwa naitamani. Washa kioo nusu saa kwanza kipate moto. Zima mwangaza unaojibadilisha wenyewe, na zima ile hali ya usiku inayofanya kioo kuwa cha njano. Kisha, kwenye programu ya kipima rangi, lenga weupe wa D65 (kipimo cha weupe wa mwanga wa mchana), gama 2.2 (namna kioo kinavyopanda kutoka giza kwenda mwanga), na mwangaza kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Mara ya kwanza utakiona kioo kimefifia na utataka kurudisha. Usirudishe. Rudia kupima kila mwezi.

Juzi nimekabidhi albamu ya harusi ya Tanga, sare ikiwa damu ya mzee hiyohiyo. Mama mzazi alileta kipande cha kitambaa, akakilaza juu ya ukurasa barazani, akanyamaza, kisha akaita dada zake waje waone. Nilijisikia nimelipwa hata ile fedha ya zamani.

Kwenye kamera sitakaa sana: piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, na kila taa zinapobadilika piga picha moja ya kadi ya kijivu, uitumie kusawazisha weupe baadaye. Ukumbi wenye taa za rangi kwenye jukwaa na tyubu kwenye viti una mianga miwili, basi kadi nayo ipigwe mara mbili.

Kwenye kuchapa ndiko wengi tunakoumizwa. Uliza duka wanataka nini. Mengi yanataka sRGB, nafasi ya rangi (yaani kiwango kinachosema kila namba ni rangi gani) iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Ukiwapelekea Adobe RGB, nafasi nyingine yenye rangi pana zaidi, na mashine yao haisomi profaili, picha zinatoka zimepauka. Basi geuza kwenda sRGB na uache profaili ndani ya faili. Kugeuza, siyo kubandika profaili nyingine tu: kugeuza kunabadilisha namba ili kulinda rangi, kubandika kunaacha namba na kuharibu rangi. Ukichapa mwenyewe, tumia profaili ya karatasi ileile na wino uleule, na uzime usimamizi wa rangi upande wa printa. Programu na printa zikisahihisha zote mbili, picha hutoka na wekundu wa ajabu.

Ndugu zangu, tusiliite hili jambo la mafundi. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilisawazisha mashine kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi za wazazi wetu zikatoka kama vivuli. Leo kipimo kiko mikononi mwetu. Bibi harusi mweusi akitoka kijivu kwenye albamu yako, hakuna Kodak wa kumlaumu. Heshimu ngozi za watu. Heshimu sare walizochangishana kununua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiagize albamu mpya leo. Azima kipima rangi, pima kioo, fungua tena faili za RAW na usahihishe sare pamoja na ngozi. Chapa kurasa mbili tu za majaribio katika duka lilelile na karatasi ileile, uziache zikauke mpaka kesho yake. Kisha nenda kwa mama yule mchana, mwombe kipande cha sare, mkavitazame kivulini nje ya nyumba, siyo chini ya tyubu ya sebuleni, kwa sababu vitu viwili vinaweza kufanana kwenye taa moja na kuachana kwenye nyingine. Akikubali, hapo ndipo ulipie albamu nzima.