Miaka ya halmashauri huku haihesabiwi: jibu kwa wenzangu wa Idara ya Mipango

Wenzangu, salamu. Ile sauti iliyozunguka kwenye grupu la ofisi imenifikia. Inasema mimi huku Marekani nalipwa dola kwa kusoma makaratasi, na kwamba yeyote mwenye miaka kumi ya halmashauri akituma wasifu wake atapokelewa kwa mikono miwili kwenye shahada ya uzamivu ya sera za umma, maana Wazungu "wanatafuta watu wa fildi". Aliyesema namjua. Ni mdogo wangu, nilimfundisha mwenyewe kujaza PlanRep, ule mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, kwa hiyo namjibu mbele yenu wote.

La pesa tulimalize. Ndiyo, nalipwa, kwa sababu nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na kuwaelekeza takwimu. Visa yangu hainiruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Mume wangu, kwa visa ya mwenza aliyopewa, haruhusiwi hata kubeba boksi. Kodi ya nyumba inakula zaidi ya nusu. Basi. Haya kila mwenye ndugu majuu ameshayasikia, na anayeamini nayasema ili nisipigwe mizinga aendelee kuamini.

Kinachoniuma ni hicho mnachokiita uzoefu.

Siku ya kutambulishana, kila mmoja alitaja ametokea utafiti gani. Kulikuwa na kijana aliyesoma hisabati tupu, kisha akawa msaidizi wa utafiti wa profesa kwa miaka miwili. Kazi hiyo siku hizi ndiyo mlango ambao wengi wanaingilia uzamivu, na sisi hakuna aliyewahi kutuambia upo. Kulikuwa na aliyetoka benki kuu ya nchi moja ya Amerika Kusini. Kulikuwa na mwalimu wa zamani anayelinganisha watoto walioshinda bahati nasibu ya kuingia shule fulani na walioikosa. Zamu yangu ikafika. Nikasema nimeandaa bajeti za halmashauri, nimezunguka vijijini na Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ile njia ya wanakijiji kupanga mipango yao wenyewe, nimekaa na vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wakatabasamu, wana adabu sana hawa. Mmoja akauliza, "Na utafiti je?"

Mwaka wa kwanza ni uchumi wa nadharia, takwimu, na ekonometriki, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi. Sera yenyewe, ile tunayoijua sisi, ya waraka unaoingia Ijumaa jioni ukitaka taarifa ya utekelezaji Jumatatu asubuhi, sikuiona popote. Nilikuja na swali langu: Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, uliofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, uliwafanyia nini watoto wa vijijini? Msimamizi akaniuliza wilaya zipi hazikuupata. Nikamwambia zote ziliupata, siku moja. Akafunga kalamu yake: kama wote wamepata, utamlinganisha nani na nani? Wenzangu wa hapa wanaandika juu ya Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato kidogo, kwa sababu 2014 baadhi ya majimbo yaliipanua na mengine yakagoma. Wamepata wa kulinganisha bila kutoka jasho. Sisi nchi yetu ikiamua jambo, inaliamua kuanzia Bukoba hadi Mtwara, halafu mwanafunzi wake anaambiwa swali lake halipimiki.

Halafu kuna siku ya ekari. Mwenzetu mmoja, ambaye hajawahi kukanyaga hata Namanga, alikuwa anaonyesha sura nzima ya tasnifu yake juu ya wakulima wa Tanzania. Takwimu zake ni za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ule utafiti unaorudi kwenye kaya zilezile tangu 2008/09. Ukutani kuna mchoro mzuri wa mavuno kwa ekari. Nikanyoosha mkono. Nikasema ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa hatua 70, hatua za mzee wa Kondoa si hatua za mjukuu wake, na mtu akiulizwa ukubwa wa shamba na mgeni mwenye karatasi, kwanza anajiuliza kama ni mambo ya ushuru au ya pembejeo. Profesa akasema, "Kisa kizuri," tukaenda ukurasa unaofuata.

Jioni nikaingia maktaba kwa hasira. Kumbe watafiti walishapima mashamba kwa GPS, Uganda na kwingineko, wakakuta wenye vipande vidogo huvizidisha na wenye mashamba makubwa huyapunguza. Nilichokisema kilikuwa na ushahidi mzima nyuma yake. Ila kwenye chumba kile, bila jedwali, nilikuwa mama mmoja kutoka Afrika anayesimulia ya kwao.

Sasa mtanichukia, lakini profesa yule hakukosea kabisa. Fungueni taarifa zetu za robo mwaka. "Wananchi wamehamasika." Wangapi? Kulinganisha na nani? Kikundi kikirejesha mkopo tunakipiga picha na Mkurugenzi. Kama kingefanikiwa hata bila mkopo wetu hatukuwahi kujiuliza, na mkaguzi hakutuuliza. Hesabu za huku zimenifundisha kulionea aibu hilo, na aibu hiyo naiona ya thamani kuliko posho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usije kama silaha yako ni miaka tu. Utakaa nyuma ya vijana wa miaka 24 wanaoandika milinganyo kama wanaandika majina yao, na hakuna atakayekuita afisa.

Lakini pia njoo. Mada yangu ya sasa haikutoka kwenye kitabu chao. Mnakumbuka mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu? Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Ilisimama nchi nzima, ndiyo, ila asilimia 10 ya jiji lenye makusanyo makubwa na asilimia 10 ya halmashauri yetu inayotegemea ushuru wa mazao si kitu kimoja. Jiji lilipoteza fungu, sisi tulipoteza chenji. Hapo pana wa kulinganisha. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, akavuta karatasi akaanza kuchora. Hilo linajulikana na mtu aliyewahi kukaa kiti chetu na kubembeleza watendaji wa kata walete makusanyo.

Kisha nikahitaji rejista za vikundi, nikawaandikia ninyi. Mkaniambia lete kibali. Sawa, ni haki. Nikaomba COSTECH, tume inayotoa vibali vya utafiti, nikaenda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, nikapita mkoani, nikarudi wilayani na barua yenye mihuri mpaka haina pa kuandikia. Ndipo mmoja wenu akanivuta pembeni: "Dada, kikao cha wadau kina posho?" Mnaniuliza mimi? Mnasema nakula dola, kumbe mlikuwa mnazisubiri.

Basi. Kwa anayetaka kweli. Takwimu hizo za kaya za NBS zinapakuliwa bure, na R, programu ya kuchambulia takwimu, ni bure. Chukua swali moja dogo la wilaya yako, liandikie kurasa chache zenye jedwali unaloweza kulitetea. Rudia kalkulasi na matriksi, hata kama itabidi umlipe mwalimu wa sekondari jioni. Barua ya Mkurugenzi kwamba wewe ni mwadilifu na mchapakazi haitakusaidia. Mtafute mhadhiri wako wa Mzumbe au Mlimani anayeweza kueleza ulichunguza nini na ulifikaje kwenye jibu. Kama una watoto wadogo, kaeni kama familia mzungumze la visa ya mwenza kabla ya kujaza fomu. Au baki, soma hapo nyumbani. Wapo wanaofanya kazi safi kuliko yangu, nao wanazifikia rejista.

Vyuo vingi hufunga maombi Desemba. Andiko lako nitalisoma, mdogo wangu, nitalikatakata na utanuna. Nitumie Oktoba, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na lisianze na "tangu utotoni nilipenda maendeleo".