Jaza Pengo kwa Kiswahili Kwanza

Wewe uliyeanza juzi kukariri msamiati wa Kiingereza ili uombe nafasi ya uzamifu ng'ambo, nakuandikia kutoka Kisumu. Mtihani wa GRE, ule ambao baadhi ya vyuo vya Marekani huudai kwa wanaoomba shahada za juu, nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 147 katika sehemu ya lugha, mara ya pili 158. Alama za sehemu hiyo huanzia 130 na kuishia 170, kwa hivyo hatua hiyo si ndogo. Kati ya mitihani hiyo miwili sikuhamia nchi ya Waingereza, wala sikuacha kazi ya maabara ili nisome usiku na mchana. Nilibadilisha jambo moja tu: niliacha kukifungia Kiswahili nje kila nilipoketi kusoma.

Wengi wetu huku magharibi tulisomea shule za msingi ambako mtoto aliyeteleza akasema neno la Kijaluo au la Kiluhya alivishwa shingoni kitu cha adhabu kilichoitwa disk, akakaa nayo hadi amnase mwenzake na kumkabidhi. Tulikua tukiamini kwamba lugha ya nyumbani huharibu Kiingereza. Imani hiyo nilikwenda nayo hadi kwenye maandalizi yangu ya kwanza. Nilikuwa na orodha ya maneno elfu moja, nikayakariri Kiingereza kwa Kiingereza: "laconic" ni "terse", "terse" ni "succinct", na "succinct" nikairudisha kwa "laconic". Nilikuwa kama mgeni anayeuliza njia ya kwenda soko la Kibuye, akielekezwa kwa majina ya mitaa ambayo haijui hata mmoja. Siku ya mtihani maneno yalikuwepo kichwani, maana hazikuwepo.

Kabla hujalipa chochote, hakikisha unajua mtihani unaotakiwa. Idara nyingi za Marekani zimeacha kudai GRE, nyingine bado zinaidai, na hata ndani ya chuo kimoja idara mbili zinaweza kutofautiana. Ukiomba Uingereza, utakutana zaidi na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza chenyewe, na vyuo vingi huko hutaka 6.5 au 7.0 kwa shahada ya uzamifu. Vipo pia vyuo vinavyokubali gredi yako ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, au barua inayothibitisha kwamba ulisoma chuo kikuu kwa Kiingereza. Andika barua pepe uulize. Ada ya GRE pekee inapita dola 200, na si haki kumpa mtu pesa hizo kwa mtihani ambao hakuna aliyeuhitaji.

Sasa nije kwenye mbinu iliyonisaidia kuliko zote. Swali la kujaza pengo hukupa sentensi na chaguo za maneno. Mtu akiwa na haraka hukimbilia chaguo, akayajaribu moja moja kama funguo. Usifanye hivyo. Funika chaguo kwa kiganja, soma sentensi, kisha jaza pengo kwa Kiswahili. Chukua sentensi hii niliyoitunga mwenyewe: "Although the chairman was known for his ____, that evening he answered every question at length." Neno "although" limekwisha kukuambia kwamba nusu mbili zinapingana. Jioni ile mwenyekiti alijibu kwa urefu, basi sifa yake ya kawaida ni nini? Ukimya. Liandike "ukimya" kwenye karatasi. Ndipo ufunue chaguo: "candour", "reticence", "generosity", "vanity", "wit". Ukiwa na "ukimya" mkononi, "reticence" inajitokeza yenyewe. Bila huo ukimya, "candour" inakuvuta, kwa sababu kujibu maswali na kusema wazi ni majirani.

Mbinu hiyo inafaa zaidi katika maswali yale yenye chaguo sita ambapo unatakiwa uchague maneno mawili yanayoipa sentensi maana ile ile. Ukipata moja ukakosa la pili, hupati alama. Mtego wake ni kwamba miongoni mwa yale sita mara nyingi kuna pacha wawili ambao hawahusiani kabisa na sentensi. Anayetafuta visawe tu ananaswa. Aliyejaza pengo kwa Kiswahili kwanza atawapita pacha hao bila kugeuka.

Kuhusu kukariri, maneno kumi kwa siku yanatosha. Najua kuna watakaokuambia hamsini. Waulize baada ya wiki mbili wanakumbuka mangapi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunachojifunza kinatutoka kwa kasi siku za mwanzo, na kukirudia kwa vipindi ndiko kunakokizuia. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, aliligeuza wazo hilo kuwa kisanduku chenye vyumba mwaka 1972. Mimi nilitumia sanduku la viatu na kadi za karatasi ya manila. Chumba cha kwanza hurudiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki. Kadi uliyoipata inasonga mbele, uliyoikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika mwisho. Kadi za siku nilikuwa nazo kwenye matatu asubuhi na jioni, kati ya Maseno na Kisumu, na safari hizo zilinitosha. Stima ikipotea usiku, kadi hazihitaji chaji.

Upande wa nyuma wa kadi usinakili kamusi. Andika Kiswahili ambacho ungekisema nyumbani. "Parsimonious" kwangu ni mkono wa birika. "Capricious" ni kigeugeu. "Obstinate" ni kichwa ngumu. Pale ambapo sikuwa na neno moja, niliweka kitu ninachokiona kwa macho. "Proliferate" niliipa magugumaji ya Ghuba ya Winam, yanavyoongezeka hadi mitumbwi inakosa njia. "Inundate" niliipa uwanda wa Kano, Mto Nyando unapovunja kingo. "Ephemeral" niliipa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, na kesho yake unawafagia chini ya taa. Maneno hayo matatu sijayasahau hata siku moja, ilhali nimesahau mengi niliyoyakariri kwa maelezo ya kamusi.

Vilevile, wewe tayari unajua kazi ya mzizi wa neno, maana ulifundishwa minyambuliko shuleni. Kutoka kwa soma unapata somo, msomi, somesha, someka, usomaji. Kiingereza kinafanya hivyo kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki. "Cred" ni kuamini: "credible" ni cha kuaminika, "credulous" ni mtu anayeamini lolote aambiwalo, "incredulous" ni mtu asiyeamini anachosikia, "credence" ni kusadiki. Ukishika mzizi mmoja umepata kadi nne. Angalia tu mwisho wa neno, kwa sababu "credible" na "credulous" ndipo watu wengi hupotea.

Si maneno magumu peke yake yaliyoniangusha, na nataka ulisikie hili vizuri. Yaliyoniangusha zaidi ni mepesi. Sisi tumetumia Kiingereza tangu utotoni, kwa hivyo tukiona neno tunalolijua tunalipita bila kulitazama. Kwenye mtihani, "qualify" mara nyingi si kufuzu, ni kuliwekea dai mipaka. "Novel" ni kitu kipya. "Arrest" ni kusimamisha, kama kusimamisha kuporomoka kwa bei. "Want" ni ukosefu: "for want of evidence" ni kwa kukosa ushahidi. "Sanction" inaweza kuwa kuidhinisha na inaweza kuwa kuwekea vikwazo, ni sentensi itakayokuambia. Na "table" ni hatari kwetu hasa. Mbunge wetu "aki-table" mswada ameuwasilisha mezani, ndivyo tunavyosoma magazetini. Kwa Mmarekani ameuweka kando. Maneno ya aina hii yatengee kadi za rangi nyingine. Mimi zangu zilikuwa za njano, na zilifika kama themanini.

Sarufi nayo. GRE haikuulizi kanuni za sarufi moja kwa moja, lakini kuna insha ya dakika 30, na katika IELTS usahihi wa sarufi ni robo nzima ya alama za kuandika. Hapa pia Kiswahili ni mizani nzuri, mradi ujue kinapima nini na kinadanganya wapi.

Kwa upatanisho wa kiima na kitenzi hakuna mwalimu bora kuliko ngeli. Hakuna Mswahili atakayesema "orodha ya vitabu vimepotea". Tunajua kilichopotea ni orodha, kwa hivyo imepotea. Lakini mtu huyo huyo ataandika "the list of books were lost" kwa sababu jicho lake limetua kwenye "books". Sentensi ikiwa ndefu, itafsiri kichwani kwa sekunde mbili, usikilize ngeli imeshika nomino ipi, kisha uchague "was" au "were". Kosa hilo lilikwisha kwangu ndani ya wiki moja.

Tatizo la "a" na "the" ndilo lililonisumbua miaka. Hatuna maneno hayo, kwa hivyo tunayatupia popote. Kisha nikagundua kwamba kazi yenyewe tunaifanya, ila kwa njia nyingine. "Nimesoma kitabu" ni kitabu chochote. "Nimekisoma kitabu" ni kile ambacho mimi na wewe tunakijua. Hiyo "ki" inafanya kazi ya "the". Basi unapoandika, jiulize: kwa Kiswahili ningeweka kiambishi cha mtendwa, au ningesema kile, ile, yale? Ukijibu ndiyo, weka "the". Kipimo hiki kitumie kwa vitu tu. Kwa watu na wanyama tunaweka kiambishi karibu kila mara, kwa hivyo hakitakusaidia.

Kinapodanganya ni hapa. Tunasema "ingawa mvua ilinyesha, lakini walikuja", na nusu ya wanafunzi ninaowasahihishia wanaandika "although" na "but" katika sentensi moja. Kiingereza kinataka moja. Tunajadili kuhusu jambo, tunasisitiza juu ya jambo, kwa hivyo tunaandika "discuss about" na "emphasize on", ilhali vitenzi hivyo havitaki kihusishi chochote. Tunasema "nimefika jana" bila kusitasita. Kwa Kiingereza ukitaja jana, kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita. Vifaa ni vingi kwetu, kwa hivyo tunaandika "equipments". Angalau ushauri na ushahidi vinatusaidia, maana kama "advice" na "evidence" vyenyewe havihesabiki kwa moja na mbili.

Usijaribu kuyakumbuka hayo yote kwa kusoma makala hii. Nunua daftari la makosa. La kwangu lilikuwa na safu tatu: nilichoandika, kilichotakiwa, na Kiswahili kilichokuwa nyuma ya kosa. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani. Baada ya mwezi niliona kwamba makosa yangu, ambayo niliyadhani mamia, yalikuwa saba tu yanayojirudia. Makosa saba mtu anaweza kuyamaliza. Jumamosi nilikutana na mwenzangu kutoka Kakamega kwenye maktaba ya taifa, tawi la Kisumu. Kila mmoja aliandika insha kwa dakika 30, tukabadilishana, tukasahihishana kwa kutumia madaftari hayo. Aliyaona makosa yangu upesi kuliko mimi, nami yake. Tafuta mtu wa aina hiyo mapema.

Jizoeze na saa pia. Tangu Septemba 2023 mtihani mzima wa GRE hauzidi saa mbili. Sehemu ya lugha ina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 18, na maswali 15 kwa dakika 23. Unavyofanya cha kwanza ndivyo unavyoamuliwa ugumu wa cha pili, kwa hivyo usianze kwa kuzubaa. Ndani ya kipande unaweza kuliwekea swali alama ukalirudia. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii kitu, basi usiache hata moja wazi.

Mara ya kwanza nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi, nikafika alfajiri, nikaingia chumba cha mtihani macho yakiwa mazito. Naamini alama kadhaa zilibaki barabarani. Ukiweza, nenda siku moja kabla ulale kwa jamaa. Mtihani unaweza kufanywa hata nyumbani kwa kompyuta, lakini fikiria stima na intaneti ya mtaa wako kabla ya kuamua. Na jina unalojisajili nalo lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho utakachoonyesha. Sisi wenye majina matatu huliacha moja bila kujua.

Makataa ya vyuo vingi vya Marekani huangukia Desemba. Panga mtihani wako Septemba, kwa sababu ukitaka kurudia lazima zipite siku 21, na huruhusiwi zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Matokeo hudumu miaka mitano. Ya IELTS ni miwili tu. Kama unaanza leo na una miezi sita, miezi miwili ya kwanza iwe ya kadi na daftari pekee. Karatasi za majaribio zihifadhi, usizimalize ukiwa bado unajifunza kushika funguo.