Kagua toleo kabla ya jalada: kununua Smith, Ricardo na Marx vilivyokwishatumika

Ndugu, umeuliza kama ni busara kununua nakala zilizokwishatumika za wanauchumi wa zamani Adam Smith, David Ricardo na Karl Marx, au usubiri hadi upate mpya. Vitabu hivi nimevisoma kwa miaka mingi, karibu vyote vikiwa vya mitumba, na ushauri wangu ni kwamba ununue, ila ukague toleo kabla ya kukagua jalada.

Nakala yangu ya kwanza ya Utajiri wa Mataifa, kazi ya Smith iliyotoka mwaka 1776, ilikuwa safi kabisa, nami nikaisoma hadi mwisho nikiamini kwamba nimemmaliza Smith. Kumbe kazi hiyo ina vitabu vitano, yaani sehemu kuu tano, na mchapishaji alikuwa ameweka vitatu vya mwanzo tu, jambo lililotajwa kwa herufi ndogo katika ukurasa nilioupita bila kuusoma. Kwa kuwa nilikuwa nimeona anavyousifu mgawanyo wa kazi, yaani kila mtu kufanya hatua moja tu, katika karakana ya pini, nilibishana na wenzangu kwa muda mrefu nikidai kwamba hakuona madhara yake yoyote kwa mfanyakazi. Nilipopata nakala kamili, iliyochakaa na kujaa mistari ya wino ya msomaji aliyetangulia, nilikuta katika kitabu cha tano akieleza waziwazi kwamba mtu anayetumia maisha yake kurudia vitendo vichache vyepesi hudumaa akili, serikali isipojitahidi kulizuia hilo. Hata ule mkono usioonekana, yaani wazo kwamba mtu anayetafuta faida yake mwenyewe huweza kuinufaisha jamii bila kukusudia, ambao watu hupenda kuutaja, umo katika kitabu cha nne. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimewapotosha watu kwa kujiamini.

Kwa Ricardo, tazama mwaka. Kitabu chake, Kanuni za Uchumi wa Kisiasa na Utozaji Kodi, kilitoka mwaka 1817, lakini sura inayohusu mashine aliiongeza katika toleo la tatu la mwaka 1821, na humo anakiri kwamba amebadili mawazo na kwamba mashine zinaweza kuwadhuru vibarua. Ukikutana na toleo lililohaririwa na mwanauchumi Piero Sraffa, usiliache hata kama limeachana na jalada lake, maana linaonyesha tofauti za matoleo yote matatu.

Mistari ya penseli isikusumbue. Ukungu ndio wa kukataa, kwani huambukiza vitabu vingine rafuni.

Das Kapital, kazi kuu ya Marx, ina juzuu tatu, mbili za mwisho zikiwa zimetolewa na rafiki yake Friedrich Engels baada ya Marx kufariki mwaka 1883, na mara nyingi utauziwa ya kwanza peke yake. Uliza pia ni tafsiri ipi, kwa kuwa juzuu hiyo ya kwanza ina sura 33 katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1887, ilhali matoleo ya Kijerumani yanayosomwa sana yana sura 25. Sura ya siku ya kazi ni ya 10 katika Kiingereza na ya 8 katika Kijerumani, na mimi huandika namba zote mbili kwa penseli pembeni mwa kila kichwa cha sura ili tunaposoma kwa pamoja tusipotezane.