Paa lililotua kwenye migomba, na maswali mengine ya mabati

Mvua za Machi zikikaribia, simu yangu hulia kabla ya ngurumo. Safari hii nimechukua maswali sita. Mliouliza bei mnisamehe, bei ya mabati hubadilika kila wiki, ulizeni dukani.

Fundi, upepo umebeba paa zima la jirani na kulitupa kwenye migomba. Mimi niko hatua ya linta, juu ya madirisha. Nikinunua bati nene la geji 28 badala ya jembamba la 30, nitakuwa salama? (Mwendesha boda, Mbale)

Ndugu yangu, nenda kwenye hiyo migomba ukalitazame paa kabla watu hawajaokota mbao. Kama mabati bado yameshika papi, zile mbao yanapopigiliwa, na papi zimeshika kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, basi mabati hayakushindwa. Kilichoachia ni pale kenchi ilipokutana na ukuta. Mara nyingi utakuta misumari miwili tu, au waya mmoja uliozungushwa kwenye tofali la mwisho. Angeezeka bati nene kama sufuria ya shule, lingeruka vilevile.

Wengi hudhani upepo husukuma paa. Kazi yake mbaya zaidi ni kulinyonya. Ukipita kwa kasi juu ya paa, shinikizo la hewa pale juu hupungua, na hewa iliyoingia ndani kupitia madirisha hubonyeza kutoka chini. Kwa hiyo nyumba iliyoezekwa lakini haina milango wala madirisha iko hatarini kuliko ile iliyokamilika, na huku kwetu ndivyo tunavyojenga: paa kwanza, dirisha pesa ikipatikana.

Wewe bado una nafasi. Kila mahali kenchi itakapokaa, fukia ukanda wa chuma ndani ya ukuta, ushuke kozi tatu au nne za matofali, ncha zake zibaki juu. Kenchi ikishakaa, zikunje juu yake na uzipigilie. Ukimwaga mkanda wa zege juu ya ukuta, ni bora zaidi: acha vipande vya nondo vichomoze, uvikunje vivyo hivyo. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi, msumari peke yake hautoshi. Mabati yashikwe kwa skrubu zenye raba, maana msumari wa kawaida huchomoka taratibu kadiri bati linavyotikisika. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja wa bati bila skrubu, lakini ukingo wa chini, kileleni na pembeni usiruke hata mmoja, kwa sababu upepo huanza kufunua pembeni.

Na veranda ipe paa lake. Nilipokuwa kijana niliezeka nyumba moja Tororo, nikaunganisha veranda na paa kubwa kwa mbao zilezile kwa sababu ilipendeza. Upepo uliingia chini ya veranda na kuondoka na nusu ya nyumba. Mwenye nyumba hakunidai chochote, na hilo liliniuma zaidi.

Hayo yote yakikamilika na pesa imebaki, chukua geji 28.

Muuza duka ananiambia ni geji 28 lakini likishikwa linayumba kama karatasi. Nitajuaje? (Mama wa watoto watano, Kasese)

Mama, kwanza kumbuka namba inadanganya: ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3. Tofauti hiyo jicho halitaiona, ila mzani utaiona. Omba mabati mawili ya urefu na upana sawa, moja la geji 28 unaloliamini na hilo lake, yapimwe. Akikataa kupima, umeshapata jibu. Soma pia maandishi: jina la kiwanda, geji, na alama ya shirika la viwango, UNBS. Mwaka 2023 Uganda nzima ilijifunza kusoma mabati, pale yale ya msaada kwa watu wa Karamoja yalipotambulika mbali na Karamoja kwa muhuri wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Somo hilo tusilipoteze.

Ikiwa huko kwenu mvua ya mawe ni ya kila msimu, geji 30 itabonyea na rangi itapasuka. Hapo nisingebana pesa.

Niko Kalangala. Naambiwa hewa ya ziwa hula mabati kama ya Mombasa. (Mvuvi)

Anayekuambia hivyo amechanganya ziwa na bahari. Mombasa ni chumvi, na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ni maji baridi. Adui yako ni unyevu unaokaa: majani ya mwembe yaliyorundikana juu ya paa, na pale mabati yanapopishana kama mteremko ni mdogo. Fagia paa, kata matawi. Bati la aluzinki, lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, huvumilia kutu zaidi kuliko la zinki tupu, ila lisiguse saruji mbichi wala shaba. Na kwa kuwa upepo wa ziwani unakuja upande unaoujua, mwambie fundi aanze kulaza mabati upande wa mbali na upepo, aje akiuelekea. Kila bati jipya litalala juu ya lililotangulia, na mdomo wa maungio utaupa upepo kisogo.

Mvua ikinyesha darasani hatusikilizani. Kuna bati lisilo na kelele? (Mwalimu, Busia)

Lenye chembe za mawe juu hupunguza, lakini bei yake haifai shule yenye madawati ya kuazima. Wekeni dari. Bodi yoyote inafaa, na mkiweka sufi juu yake ni afadhali zaidi.

Wazazi wanataka tutoe mabati kwa sababu yanavuta radi. (Mwalimu mkuu, Kiryandongo)

Mwalimu, wilaya yako ina sababu ya kuogopa. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, hukohuko kwenu. Lakini bati halivuti radi kuliko nyasi. Radi hupenda kilicho juu na kilicho peke yake mahali pa wazi. Shida ya bati ni kwamba limekaa juu ya mbao na kuta kavu, umeme hauna njia ya kwenda ardhini, basi huruka kupitia watu. Upeni njia: kinga ya radi yenye nyaya zinazoshuka hadi ardhini, tena zaidi ya upande mmoja wa jengo, kazi ya fundi umeme aliyesomea. Msimwachie anayeuza chuma chenye ncha na kukipigilia kwenye fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa. Mawingu yakishafunga, watoto wakae mbali na kuta na milango.

Nataka paa la kufichwa kama wanavyojenga Wakiso. Unalionaje? (Kijana, Mukono)

Silipendi, lakini nyumba ni yako. Kuta zinazolizunguka hulikinga na upepo, hilo nakubali. Tatizo ni maji. Kwenye paa la kawaida gata, mfereji wa maji ya paa, likiziba, maji humwagika nje. Kwenye lako yatamwagika sebuleni. Bati la mita moja ya mraba likipata milimita moja ya mvua limepokea lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 40 ya alasiri moja, ni lita 4,000 zinazotafuta tundu. Basi weka mabomba mawili makubwa ya kushushia, si moja, na matundu ya dharura kwenye ukuta chini kidogo ya ukingo wa gata. Mteremko wa bati usishuke chini ya digrii 10. Na tafuta ngazi yako mwenyewe, kwa sababu kila mwezi wa mvua utapanda kuzoa majani na viota vya ndege.