Tuktuk yapotea kwenye ramani saa sita mchana: Android 15 na programu yako

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeunda programu ndogo ya Android kwa wenye tuktuk zinazozunguka Mwembe Tayari, Kongowea na Bamburi hapa Mombasa. Asubuhi dereva anabonyeza "Anza kazi", simu inatuma mahali alipo kila dakika moja, na jioni anaandika mapato na kubonyeza "Hifadhi". Google Play ilikataa toleo langu jipya mpaka nilipopandisha targetSdk, yaani namba ya toleo la Android ambalo programu imelenga, kutoka 34 hadi 35. Tangu hapo madereva wenye Android 15 wanalalamika mambo mawili: jina la programu limepandana na saa na betri huku kitufe cha "Hifadhi" kikifichwa chini, na tuktuk inapotea kwenye ramani mchana, mara nyingi saa sita. Simu yangu ya Android 13 haina shida yoyote. Nirudi 34? Na sasisho hili lina faida gani kwa dereva mwenyewe? (Msomaji, Bombolulu)

JIBU: Ndugu yangu, usirudi 34. Tangu tarehe 31 Agosti 2025 Google Play inataka programu mpya na matoleo mapya yalenge angalau API 35, ambayo ndiyo Android 15, kwa hiyo hata ukirudi mlango umefungwa. Simu za madereva nazo ni nzima.

Android 15 ilileta mabadiliko ya aina mbili. Mengine yanagusa kila programu iliyomo kwenye simu. Mengine yanasubiri mpaka programu yenyewe itangaze, kwa targetSdk 35, kwamba iko tayari. Matatizo yako yote mawili ni ya aina hii ya pili. Lazima mambo mawili yakutane: simu iwe na Android 15 au zaidi, na programu iwe imelenga 35. Simu yako ya Android 13 haitakuonyesha kasoro hizi hata uijaribu mwaka mzima. Kabla ya kutoa toleo lingine, azima simu yenye Android 15 au fungua simu ya kuigiza (emulator) ya API 35 ndani ya Android Studio.

Tuanze na tuktuk inayopotea, maana hapo ndipo mwenye gari anapata hasara. Dereva anaanza saa kumi na mbili asubuhi, huduma inakufa saa sita mchana. Hesabu: ni muda wa saa 6 kamili. Naamini ukifungua manifest yako, ile faili inayoitambulisha programu kwa mfumo, utakuta huduma ya kutuma mahali umeiandika hivi:

android:foregroundServiceType="dataSync"

Kwa programu iliyolenga 35, Android 15 inazipa huduma za dataSync, yaani za kusawazisha data, jumla ya saa 6 tu katika kila saa 24, na huduma zote za aina hiyo ndani ya programu moja zinajumlishwa. Muda ukiisha mfumo unaita Service.onTimeout(int, int), na huduma inapewa sekunde chache ijizime kwa stopSelf(). Isipojizima, programu nzima inaangushwa, na kwenye Logcat, kumbukumbu ya matukio ya simu, utasoma "A foreground service of type dataSync did not stop within its timeout". Ukijaribu kuiwasha tena papo hapo kwa nyuma, yaani programu ikiwa haionekani kwenye skrini, utapata ForegroundServiceStartNotAllowedException.

Huenda umeona pia kwamba baadhi ya madereva wenye Android 15 hawapotei. Hao ni wale wanaofungua programu mara kwa mara kutazama mapato. Kila dereva anapoileta programu mbele ya macho yake, saa 6 zinaanza kuhesabiwa upya. Anayeiweka simu mfukoni hadi adhuhuri ndiye anayepotea.

Dawa si kuwaambia madereva wafungue programu kila saa. Huduma yako ilipewa aina isiyo yake. Inatuma mahali gari lilipo, basi aina yake ni location, na hiyo haina kikomo cha saa 6. Badilisha aina kwenye manifest iwe "location", ongeza ruhusa ya FOREGROUND_SERVICE_LOCATION, na uhakikishe dereva amekubali ACCESS_FINE_LOCATION kabla huduma haijaanza. Iwashe pale pale anapobonyeza "Anza kazi", programu ikiwa bado inaonekana. Ukiiwasha kwa nyuma, kwa mfano simu inapowaka asubuhi, mfumo utaikataa isipokuwa dereva ametoa pia ruhusa ya mahali ya wakati wote, na ruhusa hiyo Google Play inaihoji sana. Kitufe cha asubuhi kinakutosha. Kwenye Play Console utaulizwa ueleze matumizi ya huduma na uweke video fupi. Rekodi dereva akibonyeza kitufe na arifa ikitokea juu ya skrini.

Ile kazi ya jioni ya kupeleka mapato kwenye seva haihitaji huduma ya aina hii kabisa. Ipe WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za nyuma, uiwekee sharti la kuwepo mtandao. Dereva akiwa mahali mtandao unapokatika, mapato yatasubiri na kwenda yenyewe ukirudi.

Huna haja ya kukaa saa 6 ukisubiri kuona huduma ikifa. Unganisha simu ya Android 15 na kompyuta, uandike amri hizi mbili, ukiweka jina la kifurushi chako mwishoni mwa ya kwanza:

adb shell am compat enable FGS_INTRODUCE_TIME_LIMITS jina.la.kifurushi
adb shell device_config put activity_manager data_sync_fgs_timeout_duration 120000

Namba ya mwisho ni milisekunde, yaani dakika 2. Toleo la zamani litakufa baada ya dakika 2, jipya liendelee. Ukimaliza, futa mpangilio huo kwa kubadilisha put kuwa delete na kuondoa namba, la sivyo utahangaika wiki ijayo ukitafuta kosa ambalo halipo. Na kama kuna dereva anayepotea saa zisizo na mpangilio, leo saa tatu, kesho saa nane, huyo ana tatizo jingine. Mara nyingi ni kiokoa betri cha mtengenezaji wa simu. Amri ya adb shell dumpsys activity exit-info pamoja na jina la kifurushi itakuonyesha sababu ya kila kifo cha programu.

Sasa kitufe kilichofichwa. Ukilenga 35, Android 15 inatandaza programu yako kutoka ukingo hadi ukingo. Upau wa juu wenye saa na betri unakuwa wazi kama kioo, programu inapita chini yake, na chini pia inapita nyuma ya vitufe vya kurudi na nyumbani. Rangi uliyoiweka kwa setStatusBarColor haifanyi kazi tena. Ita enableEdgeToEdge() kabla ya setContentView ili simu za zamani nazo zifanane na mpya, kisha upe mwonekano wa mzizi nafasi yake:

ViewCompat.setOnApplyWindowInsetsListener(mzizi) { v, insets ->
  val n = insets.getInsets(
    WindowInsetsCompat.Type.systemBars() or
    WindowInsetsCompat.Type.displayCutout() or
    WindowInsetsCompat.Type.ime())
  v.setPadding(n.left, n.top, n.right, n.bottom)
  insets
}

Usiache ime(), maana hiyo ni kibodi. Bila hiyo dereva ataandika mapato na kibodi itafunika "Hifadhi" tena. Angalia pia mtego huu: setPadding inafuta nafasi uliyoiandika kwenye XML, faili ya mpangilio wa ukurasa. Wengi wakiliona hilo huandika v.paddingTop + n.top, na kila kibodi inapofunguka nafasi inaongezeka juu ya iliyokuwepo, mpaka fomu inasukumwa nje ya skrini. Iweke nafasi ya XML kwenye mwonekano wa ndani, mzizi ubaki mtupu. Ikiwa unatumia Compose, Scaffold inakupa innerPadding. Kosa ni kuipokea bila kuitumia. Kama saa na betri hazionekani kwa kuwa ni nyeupe juu ya nyeupe, weka isAppearanceLightStatusBars kuwa true.

Kuna kipengele cha kukwepa, windowOptOutEdgeToEdgeEnforcement, kinachowekwa kwenye themes ya values-v35. Kinakupa pumzi ya siku chache, lakini ukilenga 36 kwenye Android 16 hakisikilizwi tena. Mimi nisingekitumia kwa programu yenye kurasa tatu.

Jambo jingine litakalokukwamisha Google Play: tangu tarehe 1 Novemba 2025, programu inayolenga Android 15 na kuendelea lazima ikubali kurasa za kumbukumbu za KB 16. Ikiwa yote ni Kotlin, umepona. Ikiwa maktaba ya ramani au ya hifadhidata imekuja na faili za .so (msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine), zitazame kwa APK Analyzer, na usasishe maktaba hizo pamoja na AGP (Android Gradle Plugin) angalau 8.5.1.

Kwa dereva, faida ambayo ningemwonyesha leo ni ulinzi dhidi ya wizi. Simu inakaa wazi mbele ya tuktuk, na kwenye foleni ya feri Likoni mkono unapita mara moja tu. Kufuli la ulinzi huo linatambua simu ikinyakuliwa na mwizi akakimbia, na linafunga skrini. Halihitaji hata Android 15, linafanya kazi kuanzia Android 10, mradi skrini ina PIN au mchoro. Afungue Mipangilio, aingie Google, kisha huduma zote, atafute ulinzi dhidi ya wizi na kuwasha vipengele vyote. Awashe na kufunga kwa mbali: simu ikishaibwa, anaazima ya mwenzake, anaingia android.com/lock na kuandika namba yake.

Android 15 pia ina sehemu ya faragha ya kuficha programu nyuma ya kufuli la pili. Waambie madereva wasiweke programu yako humo. Sehemu hiyo ikifungwa, programu zilizomo husimamishwa kabisa, hazitoi arifa wala hazitumi kitu, na utapigiwa simu kwamba tuktuk imepotea tena.