Kabla hujavaa yunifomu, jua mtani wako ni nani

Wadogo zangu mnaokuja kujiunga na jeshi huku Marekani, mnaniuliza mbio na pushapu tu, hamniulizi utani, wakati mimi utani ndo ulionitoa jasho.

Nilikuwa Nevi, yaani jeshi la majini, kitengo cha matabibu, nikapangwa kwa Marini, wale askari wanaosafiri na meli zetu kwenda kupigana, kwa sababu Marini hawana matabibu wao, wanaazima kwetu (redio zetu nyumbani zinawaita wote "wanamaji", usirudie hiyo mbele yao). Wiki ya kwanza nikamwamkia sajenti mmoja, "soldja", nikidhani ndo heshima yenyewe. Kimya. Kumbe soldja ni wa jeshi la nchi kavu, yeye ni Marini, na hata akifika miaka 80 usimwite "Marini wa zamani", atakuuliza umzamani umeanza lini.

Kama unajua Mngoni na Mhehe walivyo basi nusu umeshaelewa. Sisi wanatuita ngisi, sisi tunasema wao chakula chao ni kalamu za rangi za watoto wa chekechea. Siku ya kuzaliwa jeshi letu sisi tunahesabu Oktoba 13, 1775, wao Novemba 10 mwaka huohuo, kwa hiyo sisi ni kaka zao kwa siku 28 na hiyo usiache kuwakumbusha. Wao watakujibu kazi yenu ni kutuendesha kwa meli, dereva kaza mwendo.

Ila utanie kikosi, usitanie vita ya mtu. Mtu akitaja vita ya Fallujah, Iraki, 2004 halafu akataja na jina la mwenzake, funga mdomo, msogezee kiti.

Na msikimbie yale mambo ya Ikweta. Meli ikivuka, ambaye hajawahi kuvuka baharini anaitwa kiluwiluwi na anafanyiwa kama unyago mbele ya baharia anayeigiza Neptuni, mfalme wa bahari, mimi nikajitetea kwamba jamani nimezaliwa Tanga, kusini mwa Ikweta, nimeivuka kwa ndege nikija huku, wakacheka mpaka basi, ndege haihesabiki. Nikatambaa kwa magoti kwenye sitaha na maji ya chumvi machoni, kushoto kwangu Marini mmoja naye anatambaa huku anatukana meli yetu. Huyo mpaka leo ananipigia simu.

Siku hizi kila Novemba 10 naenda kwao kula keki, wanaikata kwa upanga, Marini mzee kuliko wote anapewa kipande anampasia mdogo kuliko wote. Mwaka jana nikawapelekea boksi la kalamu za rangi 24. Babu mmoja aliyepigana Vietnam alikuwa ameshanifichia kipande kwenye tishu, "Doc, kula haraka kabla sijabadili mawazo." Akafungua boksi, akavaa miwani, akazikagua moja moja kwa kidole, akaniangalia kwa hasira kabisa: "Ngisi wewe, ya kijani umeila njiani?"