Jibu: Je, bahari yatosha kumjua Mungu?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aweza kumjua Mungu kwa kutazama uumbaji tu, bila Biblia. Kwa kiasi, ndiyo. Warumi 1:20 yasema uweza wake wa milele na Uungu wake huonekana kwa kazi zake. Mimi mwenyewe nimekaa ufukweni Mama Ngina, Mombasa, alfajiri, maji yamejaa, ngalawa inarudi, moyo ukanyenyekea bila kuambiwa.

Lakini bahari haikuniambia nimesamehewa. Mungu kujulikana kwa uumbaji huitwa ufunuo wa jumla, na mwisho wake ni hapo. Ufunuo wa pekee ni Mungu kusema mwenyewe: kwa manabii, na mwisho katika Mwana (Waebrania 1:1-2).

Soma Yohana 1:18 polepole. Hakuna aliyemwona Mungu, ila Mwana aliye “katika kifua cha Baba” ndiye aliyemfunua. Kifuani, ndugu yangu! Si habari ya kusikia kwa jirani. Maandiko humshuhudia huyo, naye Roho hutufungua masikio. Ndiyo maana mmisionari Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza mapema kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili: neno lazima lisikike kwa lugha ya msikiaji.